Kinywa Nacho Kipewe Zamu

Katika karatasi ya kwanza ya Kiingereza ya KCSE, ile ya 101/1, alama 30 kati ya 60 hutolewa kwa stadi za kusikiliza na kuzungumza. Katika saa mbili za karatasi hiyo, hata hivyo, hakuna mtahiniwa anayefungua kinywa. Anabainisha herufi isiyotamkwa, anaonyesha silabi yenye mkazo, anajaza mapengo katika mazungumzo ya watu wawili ambao hawapo. Ndiyo maana shule nyingi zimezoea kufundisha matamshi kwa kalamu. Kijana wa Jego, huku pwani ya kusini, anaweza kutoka hapo na alama nzuri, akapanda gari hadi Diani kutafuta kazi hotelini, akaulizwa swali la kwanza na sauti ikamkwama kooni.

Wanafunzi wa kwanza wa CBC waliingia Gredi ya 10 Januari 2026, na mtaala wao unataka kusikiliza na kuzungumza kufundishwe waziwazi. Wenzao wa 8-4-4 wanatarajiwa kufanya KCSE ya mwisho mwaka 2027. Mafunzo yanayofuata yanawafaa wote, na hayahitaji zaidi ya karatasi, chaki na masikio.

Anza na hesabu. Kipindi ni dakika 40. Darasa likiwa na wanafunzi 50, na kila mmoja akisubiri kumjibu mwalimu, hapati hata dakika moja ya kusema. Wageuze wawili wawili kwa dakika 20 tu, na kila mmoja amepata dakika 10. Kelele itakuwepo. Mwalimu mkuu aarifiwe mapema kwamba kelele hiyo ndiyo somo lenyewe.

Sasa tuje kwenye sauti, maana hapa mtoto wa pwani ya kusini ana mtaji ambao hajaambiwa kuwa anao. Maneno ya Kiingereza kama "think" na "this" huwasumbua wanafunzi wengi duniani. Yeye anasema thelathini na dhahabu tangu utotoni, basi sauti hizo mbili anazo tayari. Akiwa Mdigo, anaita macho "matso" na maji "madzi". Mwambie atamke "cats" kwa ile "ts" ya matso, kisha "beds" kwa ile "dz" ya madzi, na usikilize. Lugha ya nyumbani imeshamfanyia nusu ya kazi. Mwalimu aliyetoka mbali na asiyejua Kidigo wala Kivumba awaulize wanafunzi wenyewe, watafurahi kumfundisha.

Taabu iko kwenye irabu. Kiswahili kina irabu tano. Kiingereza kina nyingi zaidi ya hizo, na nyingine hutofautiana kwa kitu kidogo sana. Mwanafunzi anayetaka kusema anaishi Jego anaweza kusikika kana kwamba anaondoka Jego, kwa sababu "live" na "leave" kwake zimekuwa neno moja. Wanafunzi wanavijua vitate kutoka somo la Kiswahili, fua na vua, kwa hivyo wape vitate vya Kiingereza: "ship" na "sheep", "full" na "fool", "hat" na "hut". Andika jozi ubaoni, neno moja kushoto na jingine kulia. Mwanafunzi mmoja atamke, wenzake wainue mkono wa upande waliousikia. Mikono ikigawanyika, matamshi hayajafika, arudie. Dakika tano kila siku zinatosha, na ni bora zianze na kusikia kabla ya kusema, kwa kuwa tofauti ambayo sikio halijaikamata, ulimi utaikosa pia.

Mtego mwingine umetoka kwenye maneno tuliyoyakopa. Tumesema basi, benki, na blanketi maisha yetu yote, tukifunga kila neno kwa irabu kama desturi ya Kiswahili inavyotaka. Mwanafunzi akirudi kwenye Kiingereza huenda na irabu hiyo mkononi. Afundishwe kukatiza neno pale konsonanti inapoishia. Kuhusu mkazo, usianze na kanuni. Anza na barabara: ile ya kupita magari, na ile ya kusema kazi imefanyika barabara. Herufi ni zilezile, mkazo umehama, maana imebadilika. Mwanafunzi akishalisikia hilo katika lugha yake, "record" ya jina na "record" ya kitenzi hazitamshangaza. Na kwa kuwa Kiswahili husomwa jinsi kilivyoandikwa, mkumbushe kwamba Kiingereza hakina uaminifu huo: Wasini ni "island", na ile "s" haitamkwi.

Wengi wa watoto hawa wamepita chuoni, yaani madrasani. Wamekaa mbele ya ustadhi, wakasikiliza, wakarudia, wakasahihishwa pahali pa kutokea kila herufi, na hawakuona aibu. Nidhamu hiyo ya sikio na ulimi ni hazina, na mwalimu wa Kiingereza aitaje kwa heshima darasani. Ila kuna tofauti moja ya kuzingatia. Katika kisomo, kosa husahihishwa papo hapo, na ndivyo inavyopasa. Katika mazungumzo ya Kiingereza, mwanafunzi anayekatizwa kila sentensi hunyamaza. Mwalimu apite kati ya meza na daftari dogo, ayaandike makosa anayoyasikia, na dakika tano za mwisho ayaweke ubaoni matatu au manne bila kumtaja aliyeyasema.

Sasa mazoezi matatu. La kwanza, la kusikiliza, ni njia ambayo Ruth Wajnryb wa Australia aliieleza katika kitabu chake cha 1990. Inafanana na imla, lakini inadai akili zaidi. Mwalimu anasoma habari fupi ya sentensi tano au sita kwa kasi ya kawaida. Mara ya kwanza kalamu ziko chini. Mara ya pili kila mmoja anaandika maneno anayoyawahi. Kisha wanne wanne wanaijenga upya habari ile, wakibishana kwa Kiingereza kuhusu kilichosemwa, na mwishowe wanalinganisha na ya mwalimu. Habari iwe ya hapa: mikoko ya Vanga, Jimbo na Kiwegu, jinsi mizizi ya mkoko inavyotofautiana na ya mchu, na kwa nini hewa ya ukaa iliyohifadhiwa humo inaleta fedha kijijini. Mwanafunzi anayekijua kisa tayari husikia vizuri zaidi, na mgeni akija kuuliza juu ya misitu hiyo, atakuwa na la kusema.

Zoezi la pili ni la kupeana mgongo. Mmoja ana mchoro wa njia kutoka kwao hadi Vanga, mwingine ana karatasi tupu. Wa kwanza anaeleza, wa pili anachora na kuuliza pale asipoelewa. Kuuliza ndiko kwenye faida kubwa, kwa sababu wanafunzi wetu wengi huona kusema "sijasikia, rudia" ni utovu wa adabu. Wafundishwe namna tatu nne za kuomba kurudiwa kwa upole. Vivyo hivyo waigize mama karanga, yule muuza samaki wa kukaanga, akimweleza mpishi wa hoteli bei ya samaki: mmoja anajua bei ya mwisho anayoweza kuuza, mwingine anajua fedha aliyonayo, na hakuna anayemwonyesha mwenzake karatasi.

Zoezi la tatu, ambalo Paul Nation wa New Zealand amelieneza sana, ni la kusimulia jambo moja mara tatu kwa wasikilizaji watatu tofauti: kwanza kwa dakika nne, halafu tatu, halafu mbili. Mara ya tatu maneno hutiririka. Kwa Gredi ya 10 inayoanza, dakika tatu, mbili na moja zinatosha.

Neno kuhusu disk, kile kibao anachovishwa mwanafunzi aliyesema lugha ya nyumbani shuleni. Ngũgĩ wa Thiong'o, katika Decolonising the Mind cha 1986, alieleza jinsi wanafunzi wa wakati wake walivyopokezana kitufe cha aibu kwa kusema lugha ya mama. Shule ambayo bado inamvisha mtoto kibao kwa kusema Kidigo ikiondoe leo. Mtoto anayeogopa kukosea hazungumzi Kiingereza zaidi, hunyamaza tu. Mpe dakika mbili apange mawazo na jirani yake kwa lugha yoyote, kisha asimame kwa Kiingereza.

Nyumbani, redio inatosha: taarifa moja ya habari ya Kiingereza ya KBC jioni, na mwanafunzi aandike nani, wapi, nini. Mzazi asiyejua Kiingereza naye ana kazi. Bibi amsimulie mjukuu ngano kwa Kidigo, mjukuu aipeleke darasani kwa Kiingereza, wenzake waulize maswali. Yale aliyoshindwa kuyajibu ayarudishe kwa bibi jioni ile ile, na kesho yake aanze kipindi na majibu.