Kishikwambi cha Kusomea Kitandani

Kwa bei moja dukani Wandegeya utaonyeshwa kishikwambi cha inchi 10 na cha inchi 8. Kwa kusomea kitandani, mimi huchagua kidogo. Sababu ni hizi.

Kwanza, uzito. Cha inchi 8 huwa na gramu 300 na kitu. Cha inchi 10 hukaribia 500. Kishike kwa mkono mmoja dakika tano kabla ya kulipa.

Pili, kioo. Vingi vya bei nafuu vina nukta 1280 kwa 800. Kwenye inchi 8 hizo ni nukta 189 kwa kila inchi. Kwenye inchi 10 ni 151 tu, na irabu za Kiarabu hufifia.

Tatu, programu. Ukinunua kilichotumika, tazama toleo la Android. Chrome iliacha kuhudumia Android 7 mwaka 2023.

Nne, mwanga. Ushushe hadi mwisho: ukibaki mkali, utamsumbua mwenzako wa hosteli.

Kisha weka saa ya kukizima. Kurasa hazitakimbia, Alfajiri ina wakati wake.