Fundi Anayerudi Darasani: Mambo ya Kufanya na Kutofanya

Mwaka 2022 mfuko wa maendeleo wa majimbo ya uchaguzi nchini Zambia ulipandishwa kutoka kwacha milioni 1.6 hadi milioni 25.7 kwa kila jimbo. Kwa fedha hizo madarasa na wodi za wazazi zinajengwa, na mwashi wa Nchelenge au Kashikishi, kando ya Ziwa Mweru, aliyezoea kuulizwa bei sasa anaulizwa cheti pia. Unayetaka stashahada ya ufundi sanifu bila kuacha kazi, shika haya.

FANYA

1. Hakikisha chuo na kozi yenyewe vimesajiliwa na TEVETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi iliyoundwa kwa sheria ya 1998. Uliza kwa maandishi, ujibiwe kwa maandishi.

2. Kama kazi uliijulia saiti, omba ujuzi wako upimwe na utambuliwe rasmi. Uliyetoka Pweto au Moba na diploma ya Kongo, ipeleke ZAQA, mamlaka ya sifa za elimu ya Zambia, ithibitishwe kabla ya kujaza fomu, usingoje ukataliwe.

3. Kusanya ada ya Januari kabla ya Desemba. Uvuvi hufungwa tangu Desemba mosi hadi mwisho wa Februari. Wavuvi na wachuuzi wa samaki ndio wateja wako. Wasipovua, hakuna anayekulipa.

4. Unayeishi katika makazi ya wakimbizi ya Mantapala, omba kibali cha kutoka wiki kadhaa kabla ya mtihani. Msimamizi wa mtihani hatakungoja.

5. Weka daftari la saiti: uwiano wa zege, tarehe ya kumwaga, siku za kumwagilia, mvua. Ulichofundishwa Jumamosi kipime Jumatatu.

6. Ukihitimu, jisajili na Taasisi ya Wahandisi ya Zambia, EIZ. Sheria ya 2010 inawagusa mafundi sanifu na mafundi mchundo pia.

USIFANYE

1. Usiongeze maji kwenye zege ili vibarua walimwage haraka, kisha ukaandika kwenye mtihani kwamba maji mengi huondoa nguvu. Anayejua na hatendi ni hatari kuliko asiyejua.

2. Usipange msingi wa nyumba ya ufukweni kwa kutazama maji ya Januari. Ndipo Mweru huwa chini kabisa. Hujaa Mei, na tofauti hufika kama mita 1.7.

3. Usimlipe mtu akufanyie kazi za chuo. Siku utakapoulizwa nondo ngapi ziingie kwenye boriti, hatakuwepo.

4. Usimfiche mkandarasi tarehe za mitihani. Mwambie kabla ya kupokea kazi, si asubuhi ya kumwaga zege.

5. Usihesabu ufadhili wa masomo wa mfuko wa jimbo kama fedha kabla ya kushika barua. Soma masharti: huenda ngazi yako haimo.

6. Usidharau hesabu na Kiingereza kwa kuwa saiti inaongea Kibemba na Kiswahili. Ramani na mtihani havitakutafsiria.

7. Usijiite mhandisi. Stashahada ni ya fundi sanifu, na hiyo ni kazi kamili yenye dhamana yake.

8. Usijiandikishe kama huwezi kutenga jioni tatu kila wiki, msimu wa kazi na msimu wa njaa. Ada haitarudishwa, na nafasi yako ingemfaa mwingine.