Nondo au ferabetoni? Istilahi za zege Kitshanga

Fundi wa Kitshanga, kule Masisi, husema betoni, kofraji na ferabetoni, maneno yaliyopitia Kifaransa. Vitabu vya ujenzi kutoka Tanzania vinaandika zege, boksi na nondo. Vitu ni vilevile.

Ukichunguza, njia za kuunda maneno haya zinakaribiana. Kofraji inatokana na neno la Kifaransa lenye maana ya sanduku; boksi nalo ni sanduku, maana hukusanya zege bichi mpaka ligande. Nondo ni jina la chuma kirefu. Kwa kuinua mizigo, lugha ya mabaharia ilikwisha kutupa kapi na roda.

Mwaka 1867 mtunza bustani Mfaransa, Joseph Monier, alipewa hataza ya vyungu vya saruji vyenye wavu wa chuma ndani. Zege huhimili kukandamizwa, lakini hukatika likivutwa. Chuma ndicho hubeba mvuto. Kwa hiyo boriti iliyoegemea nguzo mbili huhitaji chuma zaidi upande wa chini, na kibaraza kinachoning'inia huhitaji upande wa juu.

Hapo istilahi inagusa uhai wa watu. Msomaji asiyejua nondo hawezi kufuata maelekezo ya mahali pa kuiweka. Napendekeza kamusi zetu ziandike majina yote mawili, kisha zieleze kazi ya kitu: chuma kinachobeba mvuto ndani ya zege. Jina hubadilika kwa mpaka, kazi haibadiliki.