Kusuluhisha Nako Kwataka Kufunzwa

Wengi wetu hudhani ya kwamba mtu akiwa na mvi na heshima mtaani, basi aweza kusuluhisha daawa yoyote. Sivyo. Tangu mwaka 2016 Mahakama Kuu ya Kenya, ikianzia Nairobi, hupeleka baadhi ya madai ya jamaa na ya biashara kwa wapatanishi, nao hupewa siku 60. Wagomvi wakiafikiana, mapatano yao hurejeshwa mahakamani yakawa na nguvu za amri ya hakimu.

Hapo ndipo penye hatari. Ndugu watatu wagombania nyumba ya marehemu baba yao, na dada yao amenyamaza kwa haya (mazoea mabaya haya twayajua sote). Mzee asiyefunzwa atadhani kunyamaza kule ni ridhaa. Aliyefunzwa atamwita faraghani, amsikilize, ahakikishe ameijua haki yake kabla ya kutia sahihi.

Na faragha yataka chumba cha pili, si ubaraza wa mahakama uliojaa watu. Yatakikana pia karani, mkalimani, na ujira wa mpatanishi ulipwao kwa wakati. Tena wafunzwe na wanawake kazi hii, kwani yako maneno ambayo dada yule hatamwambia mwanamume.