Warithi wa Ufalme na Safari za Hewani

Wasomaji wetu wa Shinyanga na Geita wanaukumbuka utawala wa watemi, ijapokuwa serikali iliufuta mwaka 1963. Zamani katika Usukuma mtemi alipofariki, wazee waitwao banang'oma walikutana wakamchagua mwingine, mara nyingi miongoni mwa wana wa dada zake. Kama mmoja wao alikufa njiani, walikuwapo wengine. Ufalme wa Uingereza si hivyo. Huko warithi wamepangwa kwa zamu, wa kwanza, wa pili na wa tatu, na ajali moja yaweza kuwaondoa wote. Ndiyo asili ya desturi tunayotaka kuieleza: mfalme na mrithi wake, au mrithi na mwanawe, wasipande eropleni moja.

Hatari hiyo si ya kubuni. Tarehe 16 Novemba 1937 Georg Donatus, mkuu wa ukoo wa Hesse katika Ujerumani, alikuwa akienda London arusini kwa ndugu yake, pamoja na mama yake, mkewe na wanawe wawili. Karibu na Ostend, Ubelgiji, eropleni yao iligonga bomba la moshi la kiwanda katika ukungu, wasipone hata mmoja. Tena tarehe 25 Agosti 1942 Duke of Kent, ndugu wa Mfalme George wa Sita, aliuawa na ajali ya eropleni katika Scotland.

Mfano ulio karibu nasi ni wa Kenya. Mwezi wa Februari 1952 Binti Mfalme Elizabeth (ndiye aliyezawadiwa ile almasi ya rangi ya waridi iliyochimbwa Mwadui mwaka 1947) alikuwa Sagana pamoja na mumewe. Tarehe 6 baba yake alifariki, naye akawa Malkia akiwa ugenini. Alipanda eropleni Nanyuki hadi Entebbe, akazuiwa huko na dhoruba, kisha akarudi London. Mwanawe Charles, mwenye miaka 3, alikuwa amebaki Uingereza. Dhoruba ile ingaliwapata angani, mrithi angalikuwapo. Hata nguo nyeusi za msiba hufungwa katika mizigo yao.

Nasi tusidhani kuwa hayo ni ya wafalme tu. Meli ya MV Bukoba ilizama karibu na Mwanza tarehe 21 Mei 1996, wakafa mamia ya watu. Mwenye shamba na mtu wa pekee ajuaye hati zilipowekwa wakipanda chombo kimoja, ni nani atakayewaeleza watoto?

Desturi hiyo, hata hivyo, si sheria iliyoandikwa, na mwenye kutoa ruhusa ni mfalme au malkia mwenyewe. Mwaka 1983 Charles alimchukua mwanawe William katika safari ya Australia, na mwaka 2014 William naye akaruka na mwanawe George, mtoto wa miezi 8, mpaka New Zealand.