Kabla ya Kumkabidhi Akiba, Ulizeni Leseni

Wapendwa wanandoa,

Hapa Kaloleni, mtoto akiugua hatumpeleki kwa yeyote aliyevaa koti jeupe. Mbona basi akiba ya nyumba tunamkabidhi mtu kwa sababu tu anasali nasi na ana maneno matamu?

Mwaka 2006 na 2007 miradi ya piramidi iliwafilisi Wakenya wengi. Kamati ya serikali ilikadiria hasara ya zaidi ya shilingi bilioni 8. Wengi waliingizwa na jirani au mwamini mwenzao.

Mshauri wa uwekezaji hupewa leseni na Mamlaka ya Masoko ya Mitaji, wakala wa bima na Mamlaka ya Kudhibiti Bima. Mwulizeni amesomea wapi, na leseni yake iko wapi. Msitosheke na karatasi aliyoibeba. Litafuteni jina lake kwenye mamlaka yenyewe. Leseni haiahidi faida, lakini mkidhulumiwa mna pa kushtakia.

Nendeni wawili. Fedha iliyotolewa kwa siri ikipotea, huondoka na amani ya nyumba.

Zungumzeni leo usiku: Nani anashika akiba yetu? Na nani alimpa idhini ya kazi hiyo?