Niliyojifunza Nikilea Watoto wa Kituo, Makete

Nimekuwa mlezi katika kituo cha watoto kijijini, wilayani Makete, mkoani Njombe, milima iliyoumizwa sana na UKIMWI hadi nyumba nyingi zikabaki na bibi na wajukuu. Haya niliyojifunza huenda yasiwapendeze wafadhili wote.

1. Unga kwanza
Watoto 40 wakila ugali mchana na usiku, gunia la unga la kilo 100 halimalizi wiki. Hapo hujataja maharage, chumvi, sabuni, kuni wala taulo za kike za wasichana wakubwa. Wageni huleta biskuti, soda na midoli. Watoto hufurahi, kwa nini wasifurahi? Lakini wageni wakiondoka mpishi anabaki kuuliza kesho anapika nini.

2. Wengi wana kwao
Bwenini kwetu, mtoto asiye na ndugu hata mmoja alikuwa nadra. Huyu ana mama mgonjwa, yule ana bibi aliyezidiwa na umri, mwingine ana mjomba Mbeya aliyekimbia mzigo. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inampa mtoto haki ya kuishi na wazazi au walezi wake, na kazi ya kuwatafuta ndugu tuliifanya pamoja na afisa ustawi wa jamii. Likizo ya Juni tuliwaruhusu waende kwao wale ambao usalama wao ulikuwa umethibitishwa. Walirudi wamekonda kidogo, sweta zimechanika, wengine na chawa, na baadhi ya wafadhili walinuna. Mimi sikununa. Mtoto alikuwa ameonyeshwa kaburi la baba yake, amelima viazi na shangazi, amejua majina ya ukoo. Anayekulia kituoni mpaka miaka 18 bila kwenda kwao, siku ya kutoka hana mlango wa kubisha hodi. Binti akiposwa, mahari atapokea nani? Mhasibu wa kituo?

3. Tafuta vyeti mapema
Mtoto wa chini ya miaka mitano husajiliwa na kupewa cheti cha kuzaliwa bila malipo, kwenye zahanati au ofisi ya kata. Akivuka umri huo, ni safari za wilayani, ada na mashahidi. Wengi wetu hungoja. Halafu kijana anafaulu kidato cha sita, anaomba mkopo wa chuo kikuu, na Bodi ya Mikopo inataka cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa na RITA, wakala wa serikali wa usajili, pamoja na vyeti vya vifo vya wazazi. Wazazi waliofia nyumbani na kuzikwa kijijini mara nyingi hawana karatasi yoyote. Kijana ambaye kijiji kizima kinajua ni yatima anashindwa kuuthibitisha uyatima wake. Anza na mwenyekiti wa kitongoji wakati wazee waliohudhuria msiba bado wako hai.

4. Saa mbili usiku
Wanaotumia dawa za kufubaza makali ya VVU hupaswa kuzimeza kwa saa ileile kila siku. Walezi wakibadilika ovyo, dawa ndiyo inayosahaulika kwanza, na siri ya mtoto huvuja kutoka kitanda hadi kitanda. Wanaojitolea kwa miezi miwili wafundishe hesabu au mpira. Kabati la dawa abaki nalo mama yuleyule.

5. Wasome na watoto wa kijiji
Shule za msingi za serikali hazitozi ada, ingawa sare, madaftari na chakula cha mchana bado vinamhitaji mtu wa kuvigharamia. Shule ndani ya uzio ni rahisi kuisimamia, nakubali, ila nimeona wanaosoma nje wakipata marafiki, watani, hata mama wengine wa kuwapa shikamoo njiani.

Ukipanga kututembelea, mpigie kwanza mtunza stoo umuulize kilichopungua. Na si lazima uje Krismasi au Idi, wageni wa sikukuu hatuwakosi. Mahindi ya huku huvunwa katikati ya mwaka. Stoo hukauka Februari na Machi.